Kutoka malezi ya kambo hadi chuoni Marekani: jinsi ya kupata programu ya msaada na kuitumia

Chuo hakijui kwamba ulilelewa na serikali. Anzia hapo. Ukituma maombi ya kujiunga, faili lako la idara ya ustawi wa watoto halikufuati, keswoka wako, yaani afisa anayesimamia kesi yako, hampigii mtu simu kule, na Desemba bweni likifungwa hakuna atakayekuuliza kama una pa kulala. Vyuo vingi huku vina mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyohiyo, mwenye fungu la fedha za dharura na funguo za vyumba vya likizo, ila humhudumia aliyebisha hodi.

Mwongozo huu ni wa vijana wazungumzaji wa Kiswahili waliopitia malezi ya kambo huku Marekani, yale ambayo wengi huyaita fosta tu. Tumewafikiria zaidi waliokuja bila wazazi, kutoka makambi kama Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, wakapokelewa na mpango wa watoto wakimbizi wasio na wazazi, unaojulikana kwa herufi URM. Walezi na ndugu wanaowasaidia wausome nao.

Programu hizi ni nini, na kwa nini hazionekani kirahisi

Ya kwanza inayojulikana sana ilianza mwaka 1998 katika chuo cha California State University, Fullerton, kwa jina la Guardian Scholars. Baadaye vyuo vingine vikaiga, kila kimoja na jina lake. Western Michigan University wana Seita Scholars, iliyoanza 2008 na kupewa jina la mhitimu wao John Seita, ambaye naye alikulia katika malezi ya kambo. Florida State wana Unconquered Scholars. Cal Poly Pomona wana Renaissance Scholars, Berkeley wana Hope Scholars. Vyuo vya jamii vya Virginia vina Great Expectations, na vya California vina NextUp.

Angalia majina hayo: hakuna hata moja lenye neno fosta. Limeachwa makusudi, ili mwanafunzi akivaa fulana ya programu au akiingia ofisini wenzake wasijue historia yake. Ubaya wake ni kwamba ukitafuta kwenye tovuti ya chuo unaweza usiione. Njia ya uhakika ni kuipigia simu ofisi ya misaada ya kifedha na kuuliza swali moja: ni nani hapa anayeshughulikia wanafunzi waliotoka malezi ya kambo? Texas kila chuo cha umma kinatakiwa kuwa na afisa wa kuwashughulikia. Kwingine anaweza kuwa ndani ya ofisi ya TRIO, mpango wa serikali kuu wa kuwasaidia wanafunzi wenye kipato kidogo, ambao tangu 2008 sheria yake inawataja vijana wa malezi ya kambo kwa jina.

Ukishampata mtu huyo, mwandikie barua pepe miezi minne au mitano kabla ya muhula kuanza. Ofisi nyingi za namna hii zina mratibu mmoja tu na wanafunzi kwa makumi, kwa hiyo anayeandika Aprili hupata chumba na mahali kwenye orodha, na anayeandika Septemba hupata pole. Iandike kwa Kiingereza, fupi: jina kamili kama lilivyo kwenye maombi, namba yako ya mwanafunzi kama umeshapewa, umri wako ulipoingia na kutoka kwenye malezi, jimbo, na maswali yako. Usisimulie yaliyokupata nyumbani au njiani. Mratibu hahitaji habari hizo ili akuhudumie, na una haki ya kubaki nazo.

Maswali ya kumuuliza ni kama haya. Mnapokea waliokuwa kwenye malezi tangu umri gani? Mnaye mshauri anayekutana na mwanafunzi kila wiki, au ni ufadhili tu? Bweni linabaki wazi siku zote za likizo, na nani analipia? Mna fedha za dharura, na hutoka kwa siku ngapi? Tunajiandikisha masomo mapema kuliko wengine? Na la mwisho, kwa waliotoka URM: mimi nahesabika? Uliza hilo waziwazi, kwa sababu baadhi ya sheria za majimbo ziliandikwa zikitaja watoto waliokuwa chini ya idara ya jimbo, ilhali wewe huenda mahakama ilikukabidhi kwa shirika. Jibu likiwa ndiyo, liombe kwa maandishi.

Masharti hutofautiana. NextUp, kwa mfano, inamtaka mwanafunzi awe alikuwa kwenye malezi akiwa na miaka 13 au zaidi, awe chini ya miaka 26 mwaka wa masomo unapoanza, na kwa kawaida awe amejiandikisha angalau krediti 9. Programu nyingine hudai uwe ulikuwemo hadi ulipofikisha 18. Kijana aliyeasiliwa akiwa na miaka 15 anaweza kukubaliwa chuo hiki na kukataliwa kile, basi jua hili kabla hujachagua chuo.

Barua ya uthibitisho: ipate kabla hujatoka

Karatasi moja hufungua karibu kila mlango tutakaoutaja: barua inayosema ulikuwa kwenye malezi. Barua nzuri ina kichwa cha idara au shirika, jina lako kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, tarehe ya kuzaliwa, tarehe uliyoingia na uliyotoka, jina la mahakama iliyotoa amri, na sahihi pamoja na simu ya aliyeiandika. Barua isiyo na tarehe za kuingia na kutoka hurudishwa, kwa kuwa chuo kinatafuta jambo moja: ulikuwemo baada ya kutimiza miaka 13, au 14, au 16, kutegemea msaada unaouomba.

Sheria ya serikali kuu inaitaka idara impe kijana anayetoka kwa kufikisha umri, kama alikaa miezi sita au zaidi, nyaraka hizi: cheti cha kuzaliwa, kadi ya Social Security, taarifa za bima ya afya, rekodi za matibabu, kitambulisho cha jimbo au leseni, na tangu 2018, hati rasmi ya kuthibitisha kwamba alikuwa kwenye malezi. Ukiitwa kwenye kikao cha kupanga kuondoka kwako, nenda na orodha hii mkononi na uweke alama kimoja kimoja. Mkisaini karatasi ya kufunga kesi huku bahasha haina hivyo vyote, kuvipata baadaye ni kazi ya miezi.

Kama ulishatoka bila barua, usikate tamaa. Anza na kitengo cha vijana wanaojiandaa kujitegemea katika kaunti au jimbo lako, si keswoka wa zamani ambaye pengine amehama. Kwa waliokuwa URM, shirika lililokupokea lina faili lako. Wakili wako wa mahakamani anaweza kuandika pia. Ukiipata, ipige picha, ihifadhi kwenye barua pepe yako mwenyewe, toa nakala tatu, na asilia usimpe mtu. Barua pepe ya shule ya sekondari haifai kwa kazi hii, hufungwa ukishahitimu.

FAFSA: swali moja lenye thamani ya maelfu

FAFSA ni fomu ya kuomba misaada ya serikali kuu, na kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba kwa mwaka wa masomo unaofuata. Ijaze mwezi huohuo. Majimbo yana tarehe zake za mwisho na baadhi ya fedha hutolewa kwa aliyetangulia.

Ndani yake kuna swali kuhusu hali yako: je, wakati wowote tangu ulipofikisha miaka 13 ulikuwa yatima, ulikuwa kwenye malezi ya kambo, au ulikuwa chini ya mahakama? Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, unahesabika mwanafunzi anayejitegemea, na kipato cha mzazi hakiulizwi. Ni hata kama ilikuwa mwezi mmoja tu. Ni hata kama baadaye uliasiliwa au ulirudi kwa wazazi.

Kosa linalogharimu kuliko yote hutokea hapa. Kijana, kwa heshima na upendo, anamwandika mama mlezi kama mzazi na kumwalika achangie taarifa zake. Kipato cha familia nzima ya mlezi kinaingia, na ruzuku ya Pell, fedha za serikali kuu zisizorudishwa, inapungua au kutoweka kabisa. Mlezi wa kambo si mzazi kwa macho ya FAFSA. Mpende, mwite mama, lakini usimwandike.

Kosa la pili ni la wale wanaoishi na mjomba au shangazi. Kuishi na ndugu tu, bila mahakama wala idara kuhusika, hakuhesabiki kuwa malezi ya kambo. Angalia kama kuna njia nyingine kati ya hizi. Ikiwa baba na mama wote wawili walifariki, na hapo umri wako ulishafika 13 au ulifika baadaye, wewe ni yatima kwa maana ya fomu. Ikiwa mahakama ya jimbo unaloishi ilimfanya mjomba kuwa mlezi wako wa kisheria, lipo swali lake peke yake. Ikiwa ni idara iliyokuweka kwa shangazi baada ya mahakama kukukabidhi kwao, hayo ni malezi ya kambo kamili, ingawa hukuwahi kukaa na mgeni.

Hali yako ya uhamiaji nayo ina uzito. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanaruhusiwa kupata misaada ya serikali kuu. Mwenye hadhi ya mtoto mhamiaji maalumu, ile inayoitwa SIJ, haruhusiwi hadi apate kadi ya kijani. Yeye aulize fomu ya jimbo lake, mfano fomu ya Dream Act ya California au WASFA ya Washington.

Halafu yapo majina na tarehe. Wengi waliosajiliwa kambini waliandikiwa tarehe 1 Januari, na majina matatu yakapangwa kila ofisi kwa mpango wake: kadi ya Social Security ina mpangilio mmoja, karatasi ya I-94 ya kuingilia nchini mwingine, shule mwingine. FAFSA hulinganisha ulichoandika na kumbukumbu za Social Security, herufi kwa herufi, kisha na za uhamiaji. Ukikosea mpangilio, fomu hukwama kwa wiki kadhaa. Weka kadi ya Social Security mezani na unakili kama ilivyo, hata kama imekosewa. Kuirekebisha ni shughuli ya baadaye, na ukiirekebisha, rekebisha kote kwa pamoja.

Chuo kikikudai uthibitisho wa hali yako, kinapaswa kukubali maneno ya idara ya jimbo au kaunti, ya shirika lililokuweka kwa mlezi, ya wakili wako au mtetezi wa mtoto aliyeteuliwa na mahakama, ya mfanyakazi wa TRIO au wa GEAR UP, mpango wa kuwaandaa wanafunzi wa sekondari kwa chuo, au ya afisa misaada wa chuo kingine aliyekwisha kukuthibitisha. Simu iliyoandikwa kumbukumbu inatosha. Afisa akikung'ang'aniza umlete mzazi, mwombe kwa adabu akuitie msimamizi wake, na mwambie mratibu wa programu siku hiyohiyo.

Kupanga fedha juu ya fedha

Msaada mmoja hautoshi. Kazi yako ni kuupanga mmoja juu ya mwingine bila kuvuka gharama ya mwaka ambayo chuo chenyewe kimetangaza, maana ukivuka, kitakata mahali.

Msingi ni Pell. Kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango chake cha juu ni dola 7,395, na kijana anayejitegemea asiye na kipato kikubwa kwa kawaida hupata chote akisoma krediti 12 au zaidi kila muhula. Akisoma 9 anapata asilimia 75. Pell ina kikomo cha mihula 12 kwa maisha yako yote, basi usiitumie ovyo kwa kozi utakazoziacha.

Juu yake kuna vocha ya elimu na mafunzo ya Chafee, inayoitwa ETV: hadi dola 5,000 kwa mwaka, hadi siku utakapofikisha miaka 26, na isizidi miaka mitano kwa jumla hata kama haikufuatana. Kwa sheria ya serikali kuu inawalenga waliokuwa kwenye malezi wakiwa na miaka 14 au zaidi, na walioasiliwa au kupewa mlezi wa kisheria wakiwa na 16 au zaidi. Kila jimbo lina fomu yake na fungu lake lenye mwisho. Waliotoka URM waombe kupitia shirika lao. Ukihama jimbo kwa ajili ya masomo tu huku tayari unapokea vocha, jimbo la awali huendelea kukulipa. Usifunge faili kule ukidhani utaanza upya.

Vocha hii huchelewa. Sababu ni kwamba katika majimbo mengi fomu ina sehemu inayojazwa na ofisi ya misaada ya chuo, na karatasi hulala hapo Agosti nzima. Tuma sehemu yako mapema, kisha piga simu chuoni kila wiki hadi uambiwe imeondoka. Wakati huohuo nenda ofisi ya malipo ukaombe ucheleweshewe tarehe ya kulipa kwa kuonyesha kwamba umeomba. Usipofanya hivyo mfumo unaweza kukufutia masomo uliyojiandikisha.

Kisha kuna majimbo yanayofuta ada kwenye vyuo vyao. Pennsylvania ina mpango wa FIT kwa vyuo vinavyoshiriki, unaofuta ada kwa hadi miaka mitano au hadi ufikishe umri wa miaka 26. Texas, Florida na Maryland nazo zina misamaha yao. Washington ina Passport to Careers, iliyoanza kama Passport to College Promise mwaka 2007. Uliza kama msamaha unahesabiwa kabla ya Pell au baada yake: ukihesabiwa kabla, Pell inabaki kulipia chakula na chumba, ukihesabiwa baada, Pell inamezwa na ada na wewe unabaki na mfuko mtupu. Mikopo iache hadi hayo yote yamekwisha kuhesabiwa.

Fedha inayobaki, na simu kutoka nyumbani

Chuo kikishajilipa, kinachobaki huingizwa kwenye akaunti yako, mara nyingi kwa mkupuo mmoja mwanzoni mwa muhula. Tuseme ni dola 3,200. Ukiziona zote kwa pamoja ni nyingi. Zigawe kwa wiki 16 za muhula: dola 200 kwa wiki, za chakula, basi, simu, sabuni na vitabu vilivyosahaulika. Hamishia zote kwenye akaunti ya akiba na ujipangie uhamisho wa moja kwa moja kila Jumatatu.

Ndugu waliobaki kambini au kijijini wana shida za kweli, na hakuna anayeweza kukuambia usiwasaidie. Ila amua kiasi kabla fedha hazijaingia, na uwaambie wakubwa wa nyumbani mapema: kila mwezi nitatuma kiasi hiki, tarehe hii, hadi Desemba. Anayetuma dola 1,200 Septemba kwa sababu ya simu moja, Novemba huacha masomo kwenda kubeba mizigo ghalani usiku, na baada ya hapo hakuna wa kutuma tena. Ukipata taabu ya kulieleza, mwombe mtu mzima unayemwamini, padri, shehe au mama mlezi, azungumze nao pamoja nawe.

Pa kulala siku 365

Unapojaza fomu ya bweni, soma mkataba mahali penye tarehe. Mikataba mingi ni ya miezi tisa na huondoa wiki za likizo. Chagua jengo linalobaki wazi mwaka mzima kama lipo, hata kama ni la zamani. California sheria inavitaka vyuo vya California State University (CSU) kuwapa vijana wa malezi ya kambo kipaumbele cha bweni. Amana ya chumba, ambayo huwa dola mia kadhaa, inaweza kusamehewa au kuahirishwa mratibu akiandika. Omba kabla hujailipa, maana kurudishiwa ni vigumu.

Kama jimbo lako lina malezi ya kambo yaliyoongezwa hadi miaka 21, yaliyoruhusiwa na sheria ya 2008, chumba cha bweni kinaweza kuhesabika kuwa makazi yako na posho ikaendelea. Masharti ni kutimiza moja kati ya haya: kusoma sekondari au chuo, kuwa kwenye mafunzo ya ufundi, kufanya kazi saa 80 kwa mwezi, kushiriki programu ya kukuandaa kwa kazi, au kuwa na hali ya kiafya inayozuia hayo. Wengi hutoka siku wanapofikisha 18 kwa kuchoka na vikao vya mahakama. Tunawaelewa. Hata hivyo fedha hizo ndizo kodi ya miaka mitatu, na majimbo mengi hukuruhusu kurudi kabla ya 21 ukijuta. URM nayo hukuhudumia hadi umri unaoruhusiwa na jimbo.

Kwa anayepanga nje ya chuo kuna vocha ya nyumba ya FYI, kwa wenye miaka 18 hadi 24 waliokuwa kwenye malezi wakiwa na 16 au zaidi, ambao hawana makazi au wako karibu kuyakosa. Ni ya miezi 36, na inaweza kuongezwa hadi 60 kwa anayesoma au kufanya kazi. Huiombi mwenyewe: idara ya ustawi wa watoto ndiyo inayokupendekeza kwa mamlaka ya nyumba, na unaweza kuanza siku 90 kabla ya kutoka.

Afya: vizuizi viwili vya Agosti

Akaunti nyingi za chuo za wanafunzi wakimbizi hufungwa kwa kukosa ushahidi wa chanjo. Chuo kinataka ushahidi, hasa dozi mbili za chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella. Kabla hujachomwa upya, tafuta kwenye bahasha uliyokuja nayo fomu ya DS-3025, yenye chanjo ulizopewa kabla ya safari. Kipimo cha kifua kikuu nacho hudaiwa kwa waliozaliwa nchi zetu. Kama ulichanjwa BCG utotoni, kile cha kuchomwa kwenye ngozi kinaweza kuonyesha umeambukizwa ilhali hujaambukizwa, kisha unatumwa kupiga picha ya kifua na wiki zinapotea. Omba kipimo cha damu tangu mwanzo.

Kizuizi cha pili ni bima. Vyuo vingi huandika bima yao kwenye bili bila kukuuliza, na huweza kuzidi dola 2,000 kwa mwaka. Aliyekuwa kwenye malezi akiwa na miaka 18 huku akitumia Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, anastahili kuendelea nayo hadi 26, bila kujali kipato. Ingia kwenye tovuti ya chuo kabla ya tarehe ya mwisho na uikatae bima yao ukiambatisha kadi yako. Angalizo: Medicaid ya jimbo jingine kwa kawaida hailipii matibabu ya kila siku, na ombi lako la kuikataa bima linaweza kukataliwa. Aliyehama jimbo aiombe upya huko alikohamia, na ataje kwamba alikuwa malezini. Aliyefikisha 18 kuanzia 1 Januari 2023 anakubaliwa hata kama malezi yalikuwa jimbo jingine.

Muhula wa kwanza: panapoharibika

Nenda kwa mshauri wa programu wiki ya kwanza, na kila wiki hadi ya sita, hata kama huna shida. Anayekujua ukiwa mzima ndiye atakayegundua umebadilika. Mpe karatasi za mitihani ya majaribio azione.

Kabla ya kuacha somo lolote, muulize leo ni tarehe gani kwenye kalenda ya chuo. Ukiliacha ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, kwa kawaida halibaki kwenye rekodi. Ukichelewa linabaki kama umejitoa, nalo linahesabiwa kwenye kipimo cha maendeleo ya masomo: vyuo vingi hutaka wastani wa alama wa 2.0 kati ya 4.0 na umalize takriban asilimia 67 ya krediti ulizoanza. Ulianza 12 ukaacha somo moja la krediti 3, umemaliza asilimia 75, uko salama. Ukiacha mawili ni asilimia 50, na misaada yote, pamoja na ETV, iko hatarini.

Kuacha masomo yote ni hatari zaidi. Ukiondoka kabla ya asilimia 60 ya muhula, yaani wiki ya tisa katika muhula wa wiki 15, sehemu ya Pell inarudishwa serikalini na chuo kinakudai wewe. Aliyeondoka mwisho wa wiki ya tatu amestahili asilimia 20 tu. Deni hilo humfuata mwanafunzi hadi chuo kingine, na ni miongoni mwa sababu kubwa za vijana kutorudi tena. Kama msiba umekufika au umeugua, usiondoke kimya. Mwandikie mratibu ujumbe hata wa mstari mmoja. Yeye anaweza kuzungumza na wahadhiri ili umalizie baadaye, na hiyo haikugharimu kitu.

Ukishapoteza misaada kwa sababu ya alama, kuna rufaa. Andika mambo matatu: kilichotokea pamoja na ushahidi, kilichobadilika sasa, na mpango wa masomo muhula kwa muhula uliosainiwa na mshauri. Kifo cha ndugu aliye Kongo au Burundi kinakubalika. Kama hakuna cheti, barua ya kiongozi wa dini au ya shirika inayoeleza uhusiano wenu na tarehe husaidia.

Kwa mlezi na ndugu

Mama, baba, shangazi: msaada wenu mkubwa ni mdogo kwa macho. Mpelekeni siku ya kuingia bwenini, na shuka, blanketi na sufuria kama jiko linaruhusiwa. Wenzake wote watakuja na wazazi. Mwambieni mapema kama kitanda chake bado kipo Krismasi, ili kama hakipo apange na mratibu tangu Oktoba. Na msimwombe awafasirie barua zenu za ofisini wiki ya mitihani.

Kiangazi na mwaka wa pili

Februari anza upya: FAFSA ya mwaka ujao kama hukuijaza Oktoba, fomu mpya ya ETV, ombi la chumba cha kiangazi. Hali ya kujitegemea ikishathibitishwa chuoni hapo, kwa kawaida hutadaiwa ushahidi tena. Ukisoma krediti 6 au zaidi kiangazi, unaweza kupata Pell ya ziada hata kama ya mwaka ulishaimaliza, na kwa vyuo vingi kuwa na masomo ndiyo njia ya kubaki bwenini Juni na Julai.

Anayehama kutoka chuo cha jamii kwenda chuo kikuu amwombe mratibu wa zamani amwandikie wa mpya kabla ya kuondoka, na aangalie kama ana deni la maktaba au la maegesho, kwa sababu hata dola 15 zinaweza kuzuia rekodi zako zisitumwe.